Usiifute Kosinusi, Mwipwa Wangu

Masisi

Mwipwa wangu mpendwa,

Salamu zako za Walikale zimefika. Mkaza mjomba wako alikuwekea fomaji, lakini motari aliyebeba barua hii ameikataa, anasema itayeyukia njiani.

Unaniambia fomula za trigonometria unazikariri usiku, asubuhi zimetoka. Basi acha kukariri. Chukua ngazi ya mita 5, iegemeze ukutani, mguu wake ukae mita 3 kutoka ukuta. Ncha ya juu itagusa kwenye mita 4. Kosinusi ya pembe ya chini ni 3/5, sinusi ni 4/5. Zipandishe kipeo cha pili, zijumlishe: 9/25 na 16/25, unapata 1. Vuta mguu nje, ngazi inalala: sinusi inashuka, kosinusi inapanda, ile 1 haisogei, maana urefu wa ngazi ni uleule. Mimi naikumbuka kila nikipanda kupigilia manjanja ya paa.

Ukikuta 2cos²x + 3sin x = 3, mahali pa cos²x weka 1 − sin²x. Inabaki 2sin²x − 3sin x + 1 = 0, na sinusi ni 1/2 au 1. Kati ya 0° na 360°, pembe ni 30°, 90° na 150°. Hiyo 150° wengi huisahau.

Sasa aibu yangu. Nikiwa mwaka wa sita niliulizwa sin 2x = cos x. Nilijua sin 2x ni 2sin x cos x. Nikaona cos x pande zote mbili, nikaifuta kwa furaha, nikabaki na sin x = 1/2: 30° na 150°. Mwalimu akanipa nusu ya alama, nami nikanuna wiki nzima nikidhani kaniibia. Kumbe cos x ikiwa sifuri huwezi kugawanya kwayo, na 90° na 270° zilikuwa zimejificha palepale. Ilifaa nilete yote upande mmoja: cos x(2sin x − 1) = 0.

Masomo yenu yamekatizwa na vita, najua, na mtihani wa serikali, Exetat, uko mbele. Motari akirudi, mpe majibu ya sin 2x = sin x, kuanzia 0° hadi kabla ya 360°. Yako manne.

Mjomba wako