Kadi ya Michoro na Lugha ya Kuiamsha

Kompyuta inapowashwa, kadi ya michoro huwa bado bubu. Mapigo yake hayajapangwa, kumbukumbu yake haijatayarishwa, na siri za kuiamsha anazijua mtengenezaji wake. Ndiyo maana mtengenezaji huihifadhia kadi maelekezo ndani ya chipu. Katika kompyuta za ukoo wa IBM PC, ulioanza mwaka 1981, prosesa huyatambua maelekezo hayo kwa alama mbili za mwanzo, 55 na AA, kisha huyatekeleza.

Maelekezo hayo, hata hivyo, yameandikwa kwa lugha ya mashine ya prosesa za Intel. Kadi hiyo hiyo ikichomekwa katika kompyuta yenye prosesa ya Alpha, iliyotolewa na Digital mwaka 1992, hukaa vizuri mahali pake na umeme hupita, lakini hakuna anayeielewa. Digital waliamua kutumia mkalimani: programu ndogo inayojifanya prosesa ya Intel, ikasoma maelekezo moja baada ya jingine na kuipelekea kadi kila amri inayoihusu. Kwa njia hiyo kadi za bei nafuu za PC ziliweza kutumika humo.

Njia ya pili ilikuwa ya haki zaidi. Kiwango cha Open Firmware, kilichopitishwa na IEEE mwaka 1994, kilitaka maelekezo yaandikwe kwa FCode, lugha ya kati iliyotokana na Forth, isiyo mali ya prosesa yoyote. Kila kompyuta ingekuwa na mfasiri wake. (Isidhaniwe kuwa ni Kiesperanto cha mashine, hakuna aliyetakiwa kuizungumza.) Sun na Apple waliifuata. Watengenezaji wengi wa kadi walitazama wingi wa wanunuzi wa PC, na mwenye Power Macintosh akalazimika kutafuta kadi iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Kinachosikitisha ni kwamba nafasi ilikuwapo. Kanuni za PCI zinaruhusu chipu moja kubeba maelekezo ya lugha kadhaa, kila moja na namba yake: 0 kwa PC, 1 kwa Open Firmware, na baadaye 3 kwa EFI. Kadi nyingi zilitoka na namba 0 peke yake. Hata chini ya UEFI, kadi nyingi hubeba maelekezo ya ukoo wa Intel tu, na baadhi ya kompyuta za ARM zimewekewa tena mkalimani yule yule ili kiwambo kiwake.