MKONO MTUPU HAULAMBWI

Wahenga walinena kweli kwamba mkono mtupu haulambwi. Kaka yangu alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2014, akakaa nyumbani miaka sita. Hapa Malaba vijana wengi hubeba mizigo mpakani au huendesha bodaboda. Yeye hakuwa na pikipiki wala mtaji.

Mwaka wa 2020, korona ilipobana watu, serikali ilianzisha Kazi Mtaani. Mwezi wa Julai ikaenea kaunti zote 47, ikaandika vijana zaidi ya 270,000. Malipo yalikuwa shilingi 455 kwa siku. Kaka akashika slasha na koleo, akafyeka nyasi na kuzibua mitaro. Wenzake walimcheka: "Yaani ulisoma ndio uokote takataka?" Hakuwajibu. Pesa zilipoingia kwa simu alinunua unga na sukari, na baba akaanza kumwuliza shauri kama mtu mzima.

Kufikia mwisho wa 2022 mradi ulikuwa umekwisha. Kaka alibaki na sugu mikononi, bila cheti wala ufundi. Kazi Kwa Vijana ya mwaka wa 2009 nayo ilikuja ikapita hivyo hivyo.

Kwa maoni yangu, vibarua hivi ni vizuri, kwani vinarudisha heshima. Lakini anayefyeka asubuhi afunzwe uashi au umeme mchana. Mtaro uliozibuliwa leo utaziba tena mvua ikinyesha. Ufundi hauzibi.