Pembe Ndani ya Pembe: Mji wa Hope na Spika Zake

Msafiri atokaye Little Rock, mji mkuu wa jimbo la Arkansas nchini Marekani, akishika barabara kuu iendayo Texas, hupita misonobari na malisho ya ng'ombe kwa muda wa saa mbili hivi kabla ya kufika Hope. Maana ya jina hilo ni Tumaini, ingawa mji ulipewa jina la binti wa afisa mmoja wa reli tu. Wakazi wake hawafiki elfu kumi. Wanajivunia matikiti, ambayo huyafanyia sherehe kila Agosti. Moja lililovunwa mwaka 2005 lilizidi kilo 120. Bill Clinton, aliyekuwa Rais, alizaliwa hapo mwaka 1946.

Mwaka huohuo ulianza hapo ufundi ambao hadi leo huwavuta wapenzi wa muziki kutoka mbali, na asili yake ni jeshi. Mwaka 1941 serikali ilitwaa mashamba kaskazini ya mji, wakulima wakahamishwa, pakafanywa uwanja wa kujaribia mizinga na mabomu. Miongoni mwa maafisa waliopelekwa huko alikuwamo Paul Klipsch, mhandisi ambaye kabla ya vita alikuwa ametengeneza magarimoshi ya umeme nchini Chile. Mchana alishughulika na risasi. Saa za mapumziko alishughulika na sanduku la mbao, na maafisa wenzake waliolisikia likipiga muziki walimhimiza aliuze. Vita vilipokwisha uwanja ulifungwa na askari wakatawanyika. Yeye alibaki, akaanza kazi katika banda dogo.

Sanduku lenyewe lina urefu wa kifua cha mtu mzima. Kwa Kiswahili siri yake hutamkika kwa wepesi kuliko kwa Kiingereza, kwa kuwa sisi tuna neno moja: ni pembe ndani ya pembe. Kila aliyesikia baragumu anajua kuwa pumzi ndogo, ikipitishwa katika pembe ipanukayo, husikika kijiji cha pili. Lakini wimbi la sauti nzito ya gitaa la besi lina urefu wa mita nane hivi, na pembe ya kulibeba ingejaza nyumba. Klipsch aliikunja pembe hiyo ndani ya sanduku, kisha akalisimamisha penye pembe ya chumba, ili kuta mbili na sakafu ziumalizie mdomo wa baragumu. Alipata hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1945.

Faida yake hudhihirika ngoma inapopigwa. Katika muziki halisi pigo moja la ngoma huweza kuizidi sauti ya kawaida kwa desibeli 20, nalo hudai umeme mara 100. Spika ya kawaida inayotoa desibeli 85 kwa wati moja, ikiwa inatumia wati mbili kwa utulivu, itadai wati 200 kwa pigo hilo. Amplifaya nyingi za nyumbani hushindwa, na hata zikiweza, waya wa spika hupata moto na sauti hupungua palepale ilipotakiwa kuruka. Ndiyo maana ngoma ya sebuleni husikika kama imefunikwa blanketi. Spika ya Hope hutoa desibeli 105 hivi kwa wati moja; pigo lilelile huhitaji wati mbili tu. Mwenye kutaka muziki ulio hai na akakimbilia kununua amplifaya kubwa amekosea mlango.

Waliorithi masanduku ya zamani kwa baba zao hukuta yamefifia, wakadhani yamekwisha. Mara nyingi kilichochoka ni kapasita katika sakiti igawanyayo sauti nyembamba na nzito. Zikibadilishwa kwa nyingine za kipimo kilekile, uhai hurudi. Kosa jingine ni ufa kati ya sanduku na ukuta: sauti nzito huvuja hapo kama maji, na utepe wa sponji huuziba kwa fedha kidogo sana. Lililo baya kuliko yote ni kulivuta sanduku la aina hiyo katikati ya chumba ili lipendeze. Chumba ambacho pembe yake imekatwa na mlango au dirisha hujengewa pembe ya bandia kwa mbao nene.

Yafaa kusemwa pia kwamba vyombo hivi havifai kila makao. Katika nyumba za kota, ambamo ukuta mmoja ni wa familia mbili, wati mbili za Hope zitamwamsha jirani aliyetoka lindo la usiku.

Klipsch alifariki hapohapo Hope mwaka 2002, akiwa na miaka 98. Baadaye alikuwa amehamia jengo lililokuwa la simu za uwanja ule wa majaribio, nalo sasa ni makumbusho. Katika mji huohuo mafundi wangali wakiunda masanduku hayo. Matoleo ya karibuni yamefungwa mgongo, hayalazimiki tena kubanana na ukuta, lakini mafundi bado humshauri mnunuzi ayaweke penye pembe.