Msiba Usio na Matanga

Treni za kwanza huingia Gare du Nord ya Brussels kabla ya mapambazuko, na wanaoshuka saa hiyo si wenye ofisi. Ni wasafishaji. Wanatokea upande wa minara ya vioo, wanaingia kwenye maghorofa ya wizara na mashirika kwa milango ya nyuma, na wenye ofisi wakifika saa mbili asubuhi wanakuta sakafu imeshakauka. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Kule Bukavu, Kongo, alikuwa mwalimu wa fizikia.

Tangu tumzike najiuliza ni lini hasa tulianza kumpoteza.

Mtaani Kadutu, huko Bukavu, hakuweza kufika sokoni bila kusimamishwa. “Jambo Mwalimu!” Mama muuza samaki wa sambaza alimzidishia kipimo kwa sababu alikuwa amemfundisha mwanawe, wazazi walimpelekea mashauri ya ndoa na ya mashamba, mambo yasiyohusiana kabisa na fizikia. Mwanasosholojia Émile Durkheim alifundisha kwamba jamii hujiendeleza kwa kuwalea watoto wake katika elimu. Naafiki, ila naongeza kwamba jamii hiyohiyo ndiyo inayomtunzia msomi usomi wake. Baba mdogo alikuwa mwalimu hata siku ambazo shule ilifungwa na mshahara haukuonekana, kwa kuwa mtaa mzima ulishuhudia.

Alipohamia Brussels, shahada yake alikuja nayo kwenye bahasha ya kaki. Aliivalisha plastiki, mhuri ulikuwa umefifia, na mkunjo wa katikati ulikuwa umeanza kuchanika. Ofisi iliyopokea maombi yake ya kutambuliwa ilidai orodha ya masomo yote na idadi ya saa kwa kila mwaka, karatasi ambazo vita vya 1996 vilimwachia chache tu. Baada ya miezi mingi likaja jibu fupi: elimu yake ilihesabiwa ngazi ya chini kuliko ile aliyoisomea, na akitaka kufundisha aanze upya. Alikuwa amevuka miaka arobaini, ana watoto. Aliikunja ile barua, akaitia kwenye bahasha ileile, na sikumsikia akiitaja tena.

Mwanasosholojia Pierre Bourdieu, aliyeandika na Jean-Claude Passeron kitabu cha La Reproduction mwaka 1970, anatusaidia kuelewa sehemu ya jambo hili. Shahada ni mali ambayo thamani yake inategemea wanaoitambua. Ukihama, unaweza kufika na karatasi bila thamani yake. Lakini maelezo hayo hayanitoshi. Kutoka Gare du Nord, dakika chache kwa treni, unafika Vilvoorde, ambako Paul Panda Farnana, kijana aliyeletwa kutoka Kongo akiwa mtoto, alihitimu masomo ya kilimo cha bustani mwaka 1907. Shahada yake ilikuwa ya Ubelgiji yenyewe. Mwaka 1919 alianzisha Union Congolaise mjini Brussels, akapigania elimu kwa Wakongo, na aliondoka duniani mwaka 1930 bila kuona wakoloni wakiifungua milango ya elimu hiyo. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 20 nchi nzima.

Na karibuni zaidi, mwaka 2017, utafiti uliochapishwa na Wakfu wa Mfalme Baudouin ulionyesha kwamba kati ya Wabelgiji wenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi waliohojiwa, 60 kwa kila 100 walikuwa na elimu ya juu, ilhali ukosefu wa kazi kwao ulikuwa mara nne ya wastani wa nchi. Na wamo miongoni mwao waliosoma hukuhuku. Basi asiniambie mtu kwamba tatizo ni mhuri uliofifia.

Kwetu aliyefiwa hakai peke yake. Watu huja, hulala mikekani, hupika, humtaja marehemu kwa mema yake. Baba mdogo alipompoteza yule mwalimu aliyekuwa ndani yake, hakuna aliyekuja kuketi naye. Aliamka saa tisa usiku, akavaa sare ya kampuni, akaendelea.

Alipofariki ndipo tulipofanya matanga, katika ukumbi wa kukodi Schaerbeek, hapahapa Brussels. Wanafunzi wake wa zamani walitoka Liège na Paris. Mmoja, sasa mhandisi, alisimama akasimulia jinsi Mwalimu alivyowafundisha mwendo wa pendulumu bila maabara: jiwe, uzi, na mapigo ya moyo badala ya saa, kila mtoto ameshika kifundo cha mkono wa mwenzake na kuhesabu kwa sauti. Ukumbi ulicheka na kulia.

Binti yake wa mwisho, aliyezaliwa Brussels, alinigeukia. “Anasema nini? Baba alifundisha fizikia?” Alijua tu kwamba baba “alifanya kazi shuleni” huko nyumbani. Mwaka mzima alikuwa akihangaika na somo hilo, akilipiwa masomo ya ziada kwa fedha za usafi, huku baba yake amelala chumba cha pili.

Bourdieu anasema mtoto wa msomi hurithi nyumbani yale ambayo shule itakuja kumsifia. Mtoto huyu alistahili urithi huo na ulikuwapo mle ndani ya nyumba, mzima, hadi siku baba yake alipofariki. Aliyeambiwa na nchi nzima kwamba hajui, aliishia kunyamaza hata mbele ya daftari la mwanawe. Hilo ndilo ninalomlilia, kuliko kazi, kuliko mshahara.