Haya Maua Yanaliwa?

Leo siandiki kuhusu shule wala usajili. Naandika kuhusu maua ya majani, yale ambayo uzuri wake uko kwenye jani lenyewe: jekundu, la manjano, la zambarau. Najua kuna watakaocheka. Nimeshazoea.

Mimi ni mhamasishaji wa afya wa kujitolea hapa Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba kuongea habari za maji, vyoo na malaria. Sasa watu wakifika kwetu na wao, majirani na hata wageni wanaoshuka kwenye magari, wanaangalia mbele ya nyumba halafu wanauliza: "Haya maua yanaliwa?"

Hayaliwi. Na kiukweli swali si baya. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, mtu akiona una kauwanja ka hatua nne na umepanda kitu kisichoingia kwenye sufuria, lazima ajiulize kama akili yako ni nzima. Basi leo nawajibu wote kwa pamoja.

Kwanza, hayali nafasi ya mboga. Lengalenga na matembele viko nyuma ya nyumba, karibu na bafu, sababu pale kuna unyevu. Maua yamekaa sehemu ambayo mboga inakataa: ukingoni mwa njia, na mbele ya ukuta ambako kuku na watoto wanapita kutwa nzima. Nimeyaacha hatua moja kutoka ukutani, maana nyumba zetu ni za tofali mbichi na unyevu ukikaa pale chini ukuta unaanza kumomonyoka.

Pili, hayamalizi maji. Lengo la UNHCR ni mtu apate lita 20 kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Anayeamka alfajiri kupanga dumu kwenye foleni ya bomba anajua lita 20 ni nini. Mama yangu hawezi kukubali ua linywe maji ya bomba, na mimi sijawahi kumjaribu. Maua yanakunywa maji yaliyosuuza vyombo. Mvua zikianza, kazi inakuwa yake Mungu mpaka mwezi wa tano. Kipimo ni kiangazi. Ua ambalo haliwezi kumaliza kiangazi kwa maji ya vyombo, hilo la kambini siyo.

Haya manne yamefaulu.

La kwanza ni sansevieria, lile lenye majani marefu yaliyosimama kama panga, kijani chenye madoa na ukingo wa manjano. Hili ndilo la mtu asiye na muda. Linaweka maji ndani ya jani, na vitundu vyake vya kupumulia linavifungua usiku wakati jua limeondoka, kwa hiyo maji hayapotei ovyo. Kinacholiua haraka ni kumwagiwa kila siku, maana mizizi inaoza. Asili yake ni Afrika, kuanzia Nigeria mpaka Kongo, yaani ni ndugu yetu kabisa.

La pili ni krotoni, kile kichaka cha majani magumu yenye manjano, nyekundu na kijani mchanganyiko. Liweke juani. Kivulini majani mapya yanatoka kijani tu na rangi inakwisha. Tawi la urefu wa kiganja, ukilichomeka mwanzo wa mvua, ndani ya wiki nne mpaka sita linakuwa na mizizi. Ila utomvu wake unawasha ngozi na ukimezwa ni sumu, kwa hiyo watoto wadogo wasitafune.

La tatu ni koleusi, yenye majani laini ya zambarau na kijani kama kitenge. Hii haipendi jua kali la saa saba, iweke upande wenye kivuli cha mchana. Kiangazi itakuomba maji kuliko wenzake, lakini ikikushinda, weka tawi kwenye chupa ya maji na ndani ya wiki moja au mbili mizizi itatoka. Ukiona inaanza kutoa maua, yachune, nguvu irudi kwenye majani.

La nne linatambaa, lina mistari ya fedha na zambarau, sisi tunaliita pundamilia. Linashika udongo kwenye miteremko mvua isiubebe. Usitupe mabaki yake mtoni au bondeni, maana likishajishika huko linafunika kila kitu.

Krotoni na koleusi zimetoka huko Asia, upande wa Indonesia. Pundamilia imetoka Amerika, upande wa Meksiko. Zote zimeota Kigoma na hakuna aliyeziuliza karatasi.

Vyombo vya kupandia havihitaji hela. Kopo la mafuta ya mgao linatosha, au dumu lililopasuka. Toboa matundu chini kwa msumari, weka kokoto, halafu udongo na mbolea ya mbuzi iliyooza. Hapa naongea kama mtu wa afya: maji yasisimame kwenye kopo wala kwenye sahani ya chini, maana mbu hatofautishi ua na dimbwi. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba chini ya jani, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Basi, matunzo yamekwisha.

Kuna jambo moja la sansevieria ambalo Mama hunichokoza nalo. Ukikata jani la ile yenye ukingo wa manjano ukalichomeka, mtoto anayeota anakuwa hana ule ukingo, anabaki na kijani chake tu. Ukitaka mtoto afanane na mzazi, lazima uchimbe umgawe pamoja na shina la chini na mizizi yake. Mama alivuka ziwa kutoka Fizi mwaka 1996, kambi hii ilipoanza. Mimi nimezaliwa hapa hapa. Siku nilipomweleza habari hiyo ya ukingo alicheka mpaka akakaa chini, akasema: "Ndiyo nyinyi hao, mnaoota kijani." Nikamwambia, "Sawa Mama, lakini si tunaota?"

Sasa nije kwenye sababu ya tatu, ambayo ndiyo imenifanya niandike.

Kuna familia ya jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, baba, mama na watoto watano. Walipita mahojiano yote ya kwenda Marekani, wakapita vipimo vya hospitali, tarehe ya ndege ikatoka. Wakaanza kugawa vitu. Godoro, meza na masufuria waliuza kwa bei ya kuaga. Maua hayapandi ndege, kwa hiyo mama wa nyumba alivunja matawi ya krotoni yake, ile ya majani membamba yaliyojiviringa, akagawa mlango kwa mlango. Shina lenyewe akalipeleka kanisani.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi. Safari ikafutwa.

Wengi wenu mnajua nyumba ya namna hiyo inavyokuwa. Watu wapo lakini vitu hamna. Yule baba alikaa ndani wiki nyingi. Mimi nilipita kama tulivyofundishwa: nikasalimia, nikasikiliza, nikamweleza mahali pa kupata mshauri. Alinijibu kwa heshima na hakwenda.

Mwezi wa tatu, mvua bado zipo, mama mmoja wa mtaani akaja kwao na kopo. Ndani kulikuwa na krotoni imeshika mizizi na majani mapya mawili. Akasema, "Nimekuletea mjukuu wako." Siku mbili baadaye akaja mwingine. Mimi nilipeleka ya kwetu. Mpaka Pasaka kulikuwa na makopo tisa mbele ya ule mlango.

Masufuria hayakurudi yote. Aliyenunua alinunua, na yeye ana watoto wa kupikia, hakuna wa kumlaumu. Lakini maua yalirudi, na kwa kila aliyerudisha bado kuna krotoni uwanjani. Nimejaribu kutafuta kitu kingine hapa kambini ambacho unampa mwenzako na wewe unabaki nacho chote. Unga siyo. Maji siyo. Nafasi ya kazi ndiyo kabisa siyo.

Asubuhi moja nikamkuta yule baba nje, ameshika msumari, anatoboa kopo la kumi. Ya Marekani hakuyataja. Aliniuliza tu: "Kijana, hii inataka jua au kivuli?"

"Jua, mzee."

Akalisogeza.

Kuna wanaosema kupanda maua kambini ni kukubali kubaki kambini. Mimi sioni hivyo. Haya ni maua ya watu wanaohama: ukihamishwa zoni, tawi linaingia mfukoni na jirani anabaki na lake. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, mkifika kwenye nyumba mkakuta makopo ya rangi rangi mlangoni, msiulize kama yanaliwa. Ulizeni yametoka kwa nani. Mtasikia habari za watu ambazo hakuna fomu inayoziuliza.

Mvua zimekaribia. Mwenye kutaka tawi aje na kopo lake lenye matundu. Nikikupa moja, likishakua, na wewe vunja mawili uwape wengine.