Kuomba Shina Jipya

Kazi iliyonilisha, ikawasomesha wanangu, ikanijengea na nyumba hii ninayokaa katika mtaa wa Bigo, mjini Bunia, Ituri, ilikuwa kuirudishia mibuni mizee matawi yake. Na kwa kuwa wenzangu wa kazi hiyo aghalabu wamekwisha kufariki au wametawanyika, naona ni faradhi juu yangu kuiandika ilimu yake pamoja na taabu zake.

Mzee aliyenifundisha alikuwa moniteri wa kilimo, na maarifa yake aliyapata Nioka, katika kituo cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo Wabelgiji waliiunda mwaka 1933 na kuiwekea makao makuu Yangambi. Mwanzoni hakunipa panga wala msumeno. Alinisimamisha mbele ya mbuni, akaliinua jani moja la shina, akasema, "Mwanangu, tazama kwapani." Palikuwa na macho kadhaa madogo yaliyopangana, moja chini ya jingine. Jicho la juu kabisa hutoa tawi la kulala, na hilo ndilo lizaalo buni. Likisha kutoka, kisha likavunjika au likakauka, halina badali mahali pale hata mti uishi umri mrefu namna gani. Macho ya chini yake hayatoi ila machipukizi yaliyosimama wima, yaani mashina mapya, na kila shina jipya huja na matawi yake. Hata kijiti cha tawi la kulala, kikipandwa kikashika mizizi, hutambaa maisha yake yote wala hakisimami. Basi mtu atakaye matawi mapya sharti aombe shina jipya.

Miaka mingi baadaye nilisoma kitabu cha Kifaransa juu ya bonsai, miti ambayo Wajapani huilea vyunguni, nikakuta habari za momiji, mti wa nchi za baridi ambao majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, sawasawa na ya mbuni. Mtunzaji hungoja jozi ya kwanza ya majani ifunguke, akaiondoa ncha laini iliyo katikati, na makwapani yakatoka matawi mawili badala ya moja. Sababu ni ile ile tuliyofundishwa: ncha ikuayo huteremsha dutu iitwayo auksini, nayo huyazuia macho ya chini yasiamke. Nilifurahi mno kusoma hayo, ijapokuwa mwenye momiji anatafuta uzuri, wala nyumba yake hailali njaa kwa kungoja tawi.

Sisi tulikata baada ya mavuno, katika ukavu wa Januari na Februari, kabla ya mvua za Machi; tukakata kwa msumeno, sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi, mshazari, ili maji yasituame juu ya jeraha. Tuliacha shina moja jembamba lenye majani, ambalo walimu wetu waliliita kwa Kifaransa tire-sève, livute utomvu na kuilisha mizizi mpaka machipukizi yapate nguvu. Na penye mibuni ya robusta, kwa hofu ya ule ugonjwa wa kunyauka unaoletwa na kuvu iingiayo jerahani, tuliupitisha msumeno motoni kabla ya kuugusa mti mwingine.

Uzito wa kazi haukuwa katika mti bali kwa mwenye mti, maana kisiki hakimpi kitu mwaka wa kwanza, na wa pili humpa kidogo. Mashamba ya walowezi, ambayo serikali iliyatwaa tangu Novemba 1973 na kuwagawia raia, mengi yalikosa mtunzaji. Na vita vya 1999 hadi 2003 vilipopita Ituri, watu waliorejea Djugu waliikuta mibuni imerefuka kupita kiasi, mitupu chini, na buni chache vileleni. "Papa moniteri," aliniambia mama mmoja, "ukikata leo, mwakani nitavuna nini? Na mwaka wa tatu, nani ajuaye kama nitakuwa hapa?" Swali la pili sikuwa na jawabu lake, na mtaalamu amwitaye mkulima wa namna hii mkaidi namwona amekosa insafu. La kwanza lilikuwa na dawa. Shina jembamba tuliliinamisha polepole, tukalifunga kigingini, mgongo wake ukaelekea jua. Macho ya mgongoni yakaamka, na matawi ya kale yakaendelea kuzaa mpaka mashina mapya yalipokomaa, ndipo la kale likakatwa. Mashina manene, ambayo yangevunjika, tuliyakata safu moja kati ya nne kila mwaka, ili safu zilizosalia zimlishe mwenyewe.

Jambo moja tulihitilafiana, nalo halijakwisha hata leo. Kisiki hutoa machipukizi mengi, na wengi huyaacha yote wakidhani wingi wa mashina ni wingi wa kahawa. Mimi nashikilia mawili, au matatu penye ardhi yenye rutuba, yaliyotoka pande mbalimbali na chini kidogo ya jeraha, kwa kuwa yaliyo ukingoni hubanduka kwa upepo. Na yaliyosalia yang'olewe kwa mkono yangali laini, kwa sababu chipukizi likikatwa kwa kisu hubakisha macho chini yake, na baada ya mvua chache kazi huanza upya.