Butura ya Land Rover

Wadau, leo naomba tuongee magari. Si yale ya kuagiza Japani ambayo kila kijana akipata kazi ya kwanza anaanza kuyaota usiku. Naongelea makuukuu, yale ambayo wengi wetu tukipita kando yake tunaona mahali pa kuku kutagia tu.

Tuanze na hesabu kidogo. Mwezi Mei 2022, Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955 iliuzwa Stuttgart, Ujerumani, kwa euro milioni 135. Hilo tuliache, maana za aina hiyo zilitengenezwa mbili tu na wanunuzi wake ni watu wa dunia nyingine. Twende kwenye gari ambalo hata bibi yako kijijini analijua. Land Rover ilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, bei yake ilikuwa pauni 450. Desemba 2015, Defender iliyohesabiwa kuwa ya milioni mbili iliuzwa kwenye mnada wa hisani London kwa pauni 400,000. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 29 Januari 2016, kiwanda cha Solihull kikatoa Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani. Na mwaka huohuo kampuni yenyewe ikaanza kutafuta Land Rover za mwanzo kabisa, inazifufua na kuziuza upya. Kitu kikishaacha kutengenezwa, vilivyobaki vinaanza kuhesabiwa kimoja kimoja.

Sasa hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Karagwe na Kyerwa? Yanatuhusu sana. Subirini.

Kwetu Igurwa, kabla ya lami ya Kyaka hadi Bugene kuzinduliwa mwaka 2017, gari lilikuwa ni lile linaloweza kupanda kilima chenye utelezi wakati wa masika likiwa limebeba kahawa nyuma, mgonjwa mbele, na mbuzi wa mtu asiyejulikana katikati. Kazi hiyo waliifanya Land Rover 109, Pijo 404 na 504, na malori ya Bedford. Ndiyo maana mpaka leo ukizunguka vijijini, nyuma ya nyumba za watu waliokuwa nazo miaka hiyo, utaona mabaki yamekaa chini ya migomba. Baba mkubwa wangu ni mmoja wao. Land Rover yake aliinunua mwaka 1984 kwenye mnada wa shirika moja, ikiwa tayari imeshachoka. Akaiendesha zaidi ya miaka 20. Imepeleka kina mama kujifungua Nyakahanga, imebeba maharusi, imebeba majeneza. Kuna watu wazima leo hii wanaosalimiwa shikamoo ambao nusura wazaliwe ndani yake. Sasa imesimama kwenye kibanja tangu ilipogoma gia.

Likizo iliyopita nimekuta kikao cha familia. Binamu yangu amepata nafasi chuoni na ada haijatimia. Dalali wa vyuma chakavu alikuwa amepita na mizani yake. Alikwisha pima kwa macho: chesisi, injini, ekseli, na zaidi ya yote bodi, kwa sababu bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Waingereza walipoanza kuitengeneza vita ilikuwa imeisha juzi tu, chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgao, wakaamua kutumia aluminiamu. Uamuzi ule wa uhaba ndio uliofanya bodi zidumu miaka 50 bila kuliwa na kutu. Na ndio huohuo unaofanya leo zikatwe, maana aluminiamu inayeyushwa vizuri sana kuwa masufuria. Bei aliyotaja dalali ilikuwa haifiki pikipiki moja iliyotumika.

Wiki iliyofuata akaja mwingine, kutoka Arusha, amevaa vizuri. Huyu hakuwa na mizani. Akaomba kuona kabati kilipo kibati cha namba ya chesisi, akalala chini kwenye nyasi na tochi, akapiga picha, kisha akauliza swali moja: "Mzee, kadi ya gari ipo?" Baba mkubwa akamjibu kwamba kadi ipo, ila sharti itafutwe. Yule bwana akataja fedha za pikipiki mbili na nusu, hapohapo, taslimu, gari libebwe kesho yake asubuhi.

Vijana wa nyumbani wakaruka kwa furaha. Baba mkubwa yeye akanyamaza, halafu akasema neno ambalo ndilo limenifanya niandike haya: "Hii ni butura."

Kwa wasiotoka Kagera, niwaeleze. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado shambani, pengine ikiwa bado maua. Mwezi wa shida mtoto anaumwa au ada inadaiwa, unakwenda kwa mwenye fedha, anakupa kiasi kidogo, na mavuno yakifika gunia ni lake kwa bei aliyoipanga yeye. Serikali imeipiga vita miaka nenda rudi lakini haifi, kwa sababu shida nayo haifi. Mwaka 2024, bei ya robusta duniani ilipopanda mpaka kuvunja rekodi, mkulima aliyekuwa ameshauza kwa butura aliisikia hiyo bei redioni kama habari za nchi jirani. Mali ilikuwa yake, faida ikawa ya mwingine. Aliyeipata si kwamba alifanya kazi kumzidi. Alikuwa na vitu viwili tu: fedha mkononi na habari.

Na ndivyo ilivyo kwa magari haya. Yule wa mizani anajua bei ya aluminiamu. Yule wa Arusha anajua kitu zaidi. Anajua kwamba Nairobi kuna maonesho ya magari na pikipiki, Concours d'Elegance, yanayofanyika tangu mwaka 1970, na watu wanashindana usafi mpaka chini ya injini. Anajua kwamba tangu 2003 kuna mbio za East African Safari Classic, ambapo wazungu na Wakenya wanatimua vumbi kwa magari ya enzi za kina Joginder Singh, yule aliyeshinda Safari ya mwaka 1965 na Volvo ambayo ilikuwa imeshatumika. Anajua pia kwamba Marekani gari likifikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila masharti mengi yanayobana magari mapya. Sisi tulio kwenye kibanja tunajua shida zetu tu.

Najua kuna mdau atasema, wewe mwandishi acha ndoto, kukusanya vitu vikuukuu ni mambo ya wazungu wenye nafasi. Kaka, dada, hapo ngoja kwanza. Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876, Mukama Rumanyika alimwonesha nyumba yake ya hazina: mikuki iliyofuliwa kwa ufundi, ng'ombe na bata wa shaba, na vitu vingine vya ufalme. Mzee yule hakuwa na maneno kama makumbusho wala uwekezaji, lakini alijua kwamba kuna vitu haviuzwi kwa uzito wa madini yake. Na ukienda Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam leo utakuta magari aliyotumia Mwalimu Nyerere yamehifadhiwa. Kwa hiyo akili ya kutunza tunayo. Tumezoea tu kuiachia ikulu.

Kuhusu kesho ya biashara hii, nimesoma na kuuliza, na nadhani mambo ni haya.

La kwanza, soko halipandi siku zote. Baada ya mwaka 2022 bei za magari mengi ya kale huko Marekani zimelegea. Anayekwambia kila gari kuukuu ni dhahabu anakudanganya. Volkswagen ya mgongo wa chura zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 mpaka zilipokoma Mexico mwaka 2003, hivyo kuwa nayo hakukufanyi tajiri.

La pili, kila kizazi kinanunua gari kilichoota utotoni. Wazee waliopenda magari ya miaka ya 50 wanaondoka, na watoto wao wanataka mengine. Nissan Skyline aliyoiendesha Paul Walker kwenye filamu iliuzwa mwaka 2023 kwa zaidi ya dola milioni 1.3, na si gari la babu wa mtu. Kwa kipimo hicho, gari la kuangalia huku kwetu ni Land Cruiser mkonga. Umbo lile lilianza 1984, Marekani hazikuwahi kuuzwa rasmi, na za miaka ya 90 zimeshavuka ile miaka 25. Mkonga ulioegeshwa nyuma ya ofisi fulani wilayani ukisubiri kufutwa kwenye vitabu, mwangalieni vizuri atakayeununua.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma, yaliyopo ndiyo hayohayo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda tangu 2018 imezuia yaliyofikisha miaka 15. Kwetu halikatazwi, ila unatozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu. Maana yake Land Rover ya 1975 ikikatwa leo Kayanga au Nkwenda, haiji nyingine kuchukua nafasi yake.

La nne ni mafundi. Omurushaka kuna mzee anayesikiliza kabureta kama daktari anavyosikiliza kifua. Wanafunzi wake wote wamehamia kwenye pikipiki na michomoko, na siwalaumu, huko ndiko kwenye mkate. Lakini siku akiondoka, gari litabaki na vipuri bila mtu wa kuvifunga. Mkusanyaji wa Nairobi au wa Ulaya analipa fedha nyingi kwa saa ya fundi kama huyu. Sisi tunamlipa soda.

Basi tumefikia wapi na ile Land Rover? Sikuwaambia wasiuze. Mimi nina mshahara wa gazeti, mnaujua ulivyo, siwezi kumwambia mtu atunze historia wakati mtoto anakosa chuo. Tulichofanya ni kazi ya siku mbili. Kadi ikapatikana kwenye sanduku la bati la mama mkubwa, pamoja na stakabadhi ya mnada na picha mbili za harusi ambazo gari linaonekana vizuri na maua yake. Tukasafisha kibati cha namba ya chesisi, tukalinganisha namba ya injini na ya kwenye kadi: ni ileile, haijawahi kubadilishwa. Tukaliinua juu ya matofali chesisi isiguse udongo, tukalifunika turubai. Kisha nikatuma picha kwa watu watatu tofauti, mmoja Arusha, mmoja Nairobi, mmoja Kampala, wasiojuana.

Majibu mawili yamesharudi. La chini kabisa ni mara nne ya yule bwana mwenye tochi. Si utajiri, lakini ada ya mwaka wa kwanza imo na chenji inabaki.

Cha ajabu, baada ya kusikia hivyo baba mkubwa ndiye aliyeanza kusita. Ameanza kwenda jioni kukaa na kiti chake pale kwenye turubai. Juzi kanipigia simu kuniuliza gia inaweza kupatikana wapi na bei gani. Binamu anasema mzee anataka kumnyang'anya chuo. Mama mkubwa anasema liuzwe, ila mnunuzi apewe na picha za harusi, ajue alichobeba. Wote watatu wana hoja, na chuo kinafunguliwa Oktoba.

Mimi ombi langu ni dogo. Kama nyumbani kwenu kuna kuukuu limekaa, wikendi hii piga simu uulize kadi iko wapi. Uliza namba ya chesisi inasomeka au imeliwa. Mkishajua mlicho nacho, uzeni kama mnauza, tunzeni kama mnatunza. Ila yule mwenye mizani akija kabla hamjajua, mwambieni apite kesho.

Na nyie mngekuwa kwenye kikao kile cha Igurwa, mngesimama upande wa nani: mzee, binamu, au mama mkubwa?